Jinsi ya kupima mtazamo wa wazee kuhusu kuendesha gari

Chukua wazee watatu wa mtaa mmoja. Wote wana miaka 72, na wote huendesha gari kila Jumapili kwenda kanisani. Wa kwanza anaendesha kwa sababu anapenda. Wa pili macho yanamsumbua na angetamani kuacha, ila mkewe hawezi kutembea hadi kituo cha daladala. Wa tatu anaamini kwamba siku akikabidhi funguo, wanawe wataanza kumwamulia na mambo mengine. Ukiwauliza "kwa wiki unaendesha mara ngapi?" watakupa jibu lile lile. Kipimo cha mtazamo hutengenezwa ili kuwatofautisha watu kama hawa. Mmoja ataacha kwa hiari, mwingine atapunguza safari za usiku, wa tatu atagombana na familia nzima, na idadi ya safari zao haitakuonyesha yupi ni yupi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mtafiti au ofisa ustawi wa jamii anayetaka dodoso la Kiswahili linaloweza kutumika Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi na kutoa namba za kuaminika.

Tenganisha mambo manne kwanza

Madodoso mengi huharibikia hapa, kabla swali la kwanza halijaandikwa. Mtazamo ni uzito ambao mtu anaupa uendeshaji: unampa nini, unamgharimu nini. Kujiamini ni jinsi anavyojisikia katika mazingira fulani, kwa mfano usiku kwenye mvua. Mazoea ni anachofanya kweli: safari, umbali, barabara anazozikwepa. Uwezo ni macho, masikio, shingo inayogeuka, wepesi wa akili na wa mguu kwenye breki. Mambo haya yanahusiana, lakini kila moja lina kipimo chake, na ukiyachanganya kwenye jumla moja hutajua namba yako inasema nini.

Kauli kama "Mimi ni dereva mzuri" inaonekana ya mtazamo, kumbe inamkaribisha mtu ajisifu. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson alichapisha matokeo ya kundi la wanafunzi wa Marekani ambamo asilimia 93 walijiweka katika nusu ya juu ya madereva kwa ustadi. Kauli ambayo karibu kila mtu anaikubali haitofautishi mtu na mtu, hivyo haipimi kitu.

Utafiti wa Candrive wa Kanada, uliofuatilia madereva 928 wenye miaka 70 na zaidi, na ule wa LongROAD wa Marekani, wenye madereva 2,990 wa miaka 65 hadi 79, vyote vilitumia dodoso kwa yaliyo moyoni na kifaa kilichofungwa ndani ya gari kwa safari zenyewe. Kama huna kifaa, mpe mzee daftari la siku 7 aandike kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi asubuhi na jioni. Usimwombe akadirie tu. Watu hukosea sana kukadiria umbali, na makosa yao hayaelekei upande mmoja.

Faida na hasara zipimwe kila moja peke yake

Mfumo unaofaa zaidi kwa kazi hii ni ule wa kupima faida na hasara. Wanasaikolojia Irving Janis na Leon Mann waliueleza mwaka 1977 kama namna ya kuelewa mtu anavyofikia uamuzi mgumu, na baadaye ukatumika sana kwa watu wanaotaka kuacha sigara. Kanada, Holly Tuokko wa Chuo Kikuu cha Victoria na wenzake waliuhamishia kwa madereva wazee. Unakuwa na mafungu manne: faida kwangu, hasara kwangu, faida kwa wengine, hasara kwa wengine.

Kauli za kila fungu zinaweza kuwa za namna hii:

Faida kwangu: "Nikiwa na gari naenda kwenye shughuli zangu bila kumwomba mtu." "Kuendesha kunanifanya nijione bado nina nguvu."

Hasara kwangu: "Nikiendesha safari ndefu siku hizi nafika nimechoka sana." "Gharama za mafuta na fundi zinanielemea."

Faida kwa wengine: "Watu wa nyumbani wananitegemea niwapeleke hospitali." "Jirani akiuguliwa usiku, gari langu linamsaidia."

Hasara kwa wengine: "Watoto wangu wanaingiwa na wasiwasi ninapoendesha." "Nina hofu kwamba naweza kumgonga mtu."

Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, fungu la tatu ndilo zito kuliko yote. Gari la mzee mara nyingi ndilo gari la msiba, la mgonjwa, la wajukuu kwenda shule na la mizigo ya harusi. Anayelipunguza fungu hili ili kufupisha dodoso atashindwa kueleza kwa nini mtu mwenye hasara nyingi bado anaendesha.

Na kwa nini usiweke faida upande mmoja na hasara upande mwingine wa mstari mmoja? Tazama watu wawili. Mmoja ana wastani wa 4.5 kwenye faida na 4.5 kwenye hasara. Mwingine ana 2 na 2. Tofauti ya wote ni sifuri. Lakini wa kwanza anavutwa huku na huku na huenda halali usingizi akifikiria gari, wakati wa pili gari halimshughulishi kabisa. Mstari mmoja ungewaona sawa.

Kauli zitoke kwa wazee, si kwa tafsiri

Kuchukua dodoso la Amerika Kaskazini na kulitafsiri neno kwa neno ni njia ya mkato inayogharimu baadaye. Kule huulizwa kuhusu theluji na kuhusu kukata kushoto mbele ya magari yanayokuja. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kona ngumu ni ya kulia. Ukitafsiri "kukata kushoto" umeuliza kona rahisi kuliko zote, na majibu yatakuja mazuri ajabu. Kule kuacha kuendesha humaanisha kukosa gari. Hapa mtu anaweza kuacha usukani akabaki na gari, akiendeshwa na kijana wa nyumbani au dereva wa kuajiriwa, na mtazamo wake ukawa tofauti kabisa na wa yule anayerudi kwenye daladala.

Kaa na makundi manne ya watu 6 hadi 8: wanaume wanaoendesha, wanawake wanaoendesha, waliokwisha acha, na wale ambao udereva ulikuwa au bado ni kazi yao, yaani wa lori, teksi na mabasi. Hawa wa mwisho usiwachanganye na wengine, kwa sababu kwao gari ni kipato. Uliza maswali matatu tu, kisha waache waongee: gari linakusaidia nini, linakusumbua nini, na watu wa nyumbani wanasemaje ukishika usukani? Rekodi kwa ridhaa yao, na uchukue maneno yao jinsi walivyoyasema. Makundi mawili mfululizo yakikosa kukuletea jambo jipya, umefika. Kama bado yanaleta, ongeza kundi.

Andika kauli 12 kwa kila fungu, jumla 48. Lengo ni kubaki na 6 kwa kila fungu, jumla 24, baada ya kuchuja. Usianze na 24, kwa sababu karibu nusu zitakufa njiani.

Namna ya kuandika kauli

Kila kauli ibebe jambo moja. "Kuendesha kunanichosha na kunanigharimu" ni kauli mbili. Anayechoka lakini ana pesa hana pa kujibu. Sema ya sasa, si ya zamani: weka "siku hizi" au "kwa sasa", la sivyo mzee aliyeendesha Land Rover miaka ya sabini atakujibu kwa niaba ya yule kijana.

Kukanusha ndiko kunakoleta fujo kubwa zaidi. Kauli isemayo "Sioni sababu ya kuacha kuendesha" ikijibiwa "sikubali" ina maana gani? Mzee atasimama, atafikiri, kisha atachagua jibu lolote ili mwendelee. Kama unataka kupima upande wa pili, tafuta kauli ya kukubali inayosema upande huo: "Muda wangu wa kuacha kuendesha umekaribia."

Epuka pia methali na misemo ndani ya kauli. Mtu atakubali methali kwa sababu ni methali. Na maneno ya mtaani yanayojulikana mji mmoja tu yaweke kando: foleni ya Dar ni jam ya Nairobi, kwa hiyo andika "magari yakiwa mengi barabarani" kama dodoso litavuka mpaka.

Majibu ya ngazi tano, kwa hatua mbili

Ngazi tano za mwanasaikolojia Rensis Likert, zilizoanza kutumika mwaka 1932, bado zinatosha: sikubali kabisa (1), sikubali (2), katikati (3), nakubali (4), nakubali kabisa (5). Tatizo ni kuzisoma zote tano kwa sauti. Mzee hukumbuka ya kwanza na ya mwisho, au hujibu "ndiyo" kwa adabu ya kutokumpinga mgeni.

Uliza kwa hatua mbili. Kwanza: "Je, unakubaliana na kauli hii au hukubaliani nayo?" Akijibu, fuatisha: "Kabisa, au kiasi?" Akisema yuko katikati, andika 3, usimtajie katikati wewe kwanza, maana wengi wataikimbilia. "Sijui" na "hainihusu" zipewe namba zao za pembeni, tuseme 8 na 9, na zisiingie kabisa kwenye wastani. Mjane asiye na watoto hana jibu kwenye kauli ya wasiwasi wa watoto, na kumwandikia 3 ni kumtungia jibu.

Andaa kadi yenye ngazi hizo kwa herufi nyeusi za ukubwa wa 18 au zaidi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Kadi iliyopakwa plastiki huakisi mwanga, na mwenye mtoto wa jicho hataisoma.

Jaribio la kwanza: sikiliza anavyofikiri

Kabla ya kuchapisha nakala nyingi, kaa na wazee 8 hadi 10, mmoja mmoja, uwasomee kauli zote. Baada ya kila jibu uliza: "Umeielewaje kauli hii?" na "Kwa nini umechagua jibu hilo?" Hapa ndipo utagundua kwamba "safari ndefu" kwa mmoja ni Kibaha hadi Posta, kwa mwingine ni Dar hadi Mbeya. Ukiona tofauti kama hiyo, weka muda wazi: "safari ya zaidi ya saa mbili". Andika kila badiliko na sababu yake kwenye jedwali. Utalihitaji utakapoandika ripoti.

Kama ulianza na dodoso la kigeni, mtu mwingine asiyeliona la awali alirudishe Kiswahili chako kwenye lugha ilikotoka. Hatua hii inakamata makosa ya maana, lakini haikamati kauli iliyotafsiriwa sawasawa ila haihusu maisha ya hapa. Kwa hiyo haichukui nafasi ya wale wazee 8.

Kuwapata wahojiwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Anza hapo, lakini rekodi umri wenyewe, si kundi la umri, ili uweze kuchomoa wa 65 au 70 unapotaka kulinganisha na tafiti za nje.

Usiwatafute kupitia trafiki wala ofisi ya leseni. Mzee akihisi tu kwamba jibu lake linaweza kufika kwa mtu mwenye mamlaka ya leseni yake, hasara zote zitashuka hadi 1. Pitia vyama vya wastaafu, misikiti, makanisa, vikundi vya kuweka na kukopa, na kliniki za presha na kisukari. Kliniki peke yake haitoshi kwa sababu itakupa wagonjwa tu. Wanawake wazee wanaoendesha ni wachache, kwa hiyo wafuate kwa makusudi. Ukiwaachia bahati utabaki nao 7 kati ya 250 na hutaweza kusema lolote juu yao.

Kwa kuchuja kauli 48 unahitaji angalau watu watano kwa kila kauli, yaani 240. Chini ya 200 usijaribu kutafuta mafungu kwa takwimu, yaani kuona ni kauli zipi hujikusanya pamoja katika majibu ya watu.

Kibali cha maadili kitangulie yote haya. Kenya utahitaji pia leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Majina na namba za simu yakae mbali na majibu: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022.

Mahojiano yenyewe

Hapa kazi nzuri ya miezi inaweza kupotea ndani ya nusu saa. Nenda asubuhi, mzee akiwa hajachoka, na panga dakika 30. Salimia ipasavyo, na tumia "mzee", "baba" au "mama". Usikimbilie "babu" au "bibi". Mtu wa miaka 62 ambaye ameendesha mwenyewe kuja kukutana nawe atasikia kwamba umeshaamua yeye ni wa namna gani, na atakujibu kwa kujitetea.

Muwe wawili tu. Mtoto wake akiketi pembeni, kauli ya "watoto wangu wanaingiwa na wasiwasi" haijibiwi na mzee. Inajibiwa na ugomvi wa jana. Kama familia haitoki, anza na maswali ya safari na barabara, kisha omba kwa upole muhamie barazani kwa sehemu ya pili. Ikishindikana, weka alama kwamba mtu mwingine alikuwepo, ili baadaye ulinganishe majibu hayo na mengine.

Maneno ya kufungulia yaseme mambo matatu wazi: huu si mtihani wa udereva, hakuna jibu sahihi, na majibu hayapelekwi kwa anayetoa leseni wala kwa watoto. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichokubali. Kama hawezi, hata baada ya kurudia taratibu, usiendelee. Ridhaa hiyo haijakamilika.

Anza na faida kwake, kisha faida kwa wengine, ndipo hasara. Maswali ya ajali, faini na magonjwa yakae mwisho kabisa. Ukianza na "umewahi kupata ajali?" umegeuka trafiki, na kila jibu linalofuata limeshapinda.

Amua mapema utafanya nini mzee akikuambia, kwa mfano, kwamba hupoteza fahamu akiwa barabarani. Hili ni suala la uhai wake na la watu wengine. Kwenye fomu ya ridhaa andika mpaka wa usiri wako, na uwe na jina la kliniki ya macho na daktari wa kumwelekeza. Mhojaji asiamue palepale peke yake.

Kuhesabu alama

Piga wastani wa kila fungu peke yake. Ukubali wastani pale tu mtu amejibu angalau kauli 5 kati ya 6. Chini ya hapo acha fungu hilo wazi.

Mfano wa mtu mmoja. Faida kwangu: 5, 5, 4, 5, 4, 5, jumla 28, wastani 4.67. Hasara kwangu: 2, 3, 4, 2, 2 na moja "hainihusu", jumla 13 kwa kauli 5, wastani 2.60. Faida kwa wengine: 4, 5, 5, 4, 4, 5, wastani 4.50. Hasara kwa wengine: 3, 4, 4, 3, 4, 4, wastani 3.67. Toa hasara kwenye faida: kwake mwenyewe 2.07, kwa wengine 0.83. Mtu huyu kwa nafsi yake hana sababu ya kuacha, ila anaanza kuwafikiria wengine. Mazungumzo naye yapitie hapo, si kwenye uchovu wala gharama. Ungejumlisha majibu yake yote kwenye namba moja, taarifa hiyo ingepotea.

Kukagua kama kipimo kinashika

Kwanza tazama kila kauli. Iliyojibiwa sawa na zaidi ya asilimia 80 ya watu, iandike upya au itoe. Ambayo uhusiano wake wa kitakwimu na kauli nyingine za fungu lake (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja kikamilifu) uko chini ya 0.30 haiko nyumbani. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kauli za fungu moja zinavyokwenda pamoja, iwe kati ya 0.70 na 0.90 kwa kila fungu. Ikizidi 0.95 usifurahi, kwa kuwa maana yake kauli zako zinarudia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Usipige alfa ya kauli zote 24 pamoja, kwa sababu si fungu moja.

Uchambuzi wa kutafuta mafungu ukikuletea matatu badala ya manne, soma kauli kabla ya kulaumu programu. Mara nyingi hasara kwangu na hasara kwa wengine ndizo huungana, kwa sababu mtu anayeogopa kugonga anaogopa pia kuumia. Kauli za gharama na uchovu ndizo zitakazosaidia kuzitenga tena.

Rudia dodoso kwa watu 40 hadi 50 baada ya wiki mbili. Ukirudi mapema zaidi watakumbuka walichojibu. Ukichelewa, mmoja atakuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na mtazamo wake umebadilika kihalali. Uhusiano wa kitakwimu wa majibu ya awali na ya pili uwe 0.70 au zaidi.

Halafu linganisha na vipimo vingine. Mwenye hasara kubwa anatarajiwa kukwepa usiku, mvua na kukata kulia. Kama alama za hasara hazihusiani kabisa na kukwepa huko, rudi kwenye vidokezo vya wahojaji uone nani alikuwa chumbani.

Matokeo haya yasitumike kumnyang'anya mtu leseni. Mtazamo hauonyeshi kama mtu anaona vizuri au anafunga breki kwa wakati. Hayo yana vipimo vyake vya macho, vya akili na vya barabarani. Yanafaa kupanga ushauri, kujua ni huduma gani ya usafiri mzee angeikubali, na kufuatilia mtu yule yule mwaka hadi mwaka. Kwa ufuatiliaji huo, usibadilishe hata neno moja la kauli katikati ya njia. Lipe dodoso namba ya toleo na tarehe kwenye kila ukurasa, na ukilazimika kurekebisha kauli, tumia la zamani na jipya kwa watu wale wale kwa mzunguko mmoja kabla ya kuliacha la zamani.